Cooper Black: jinsi ya kuitumia bila kuziba matundu yake

Herufi za Cooper Black zinaonekana kama zimefinyangwa kwa unga wa maandazi kisha zikaachwa ziumuke. Hazina ncha popote. Hata nukta ya "i" si duara kamili bali ni yai lililoinama. Ndiyo maana wengi huichukulia kama fonti ya mzaha, ya kubandika kwenye tangazo likikosa uchangamfu. Kumbe ni fonti ya kazi hasa. Inasamehe brashi iliyochoka, ukuta wenye mabonde na stika iliyobandikwa mshazari kidogo. Isichosamehe ni kimoja tu: kuzibwa matundu.

Tundu ni ile nafasi tupu iliyo ndani ya "a", "e", "o", "b", "g" na wenzao. Jicho linapokimbia barabarani halisomi unene wa herufi, linasoma nafasi hizo. Katika Cooper Black unene ni mkubwa mno na tundu limebaki dogo, kwa hiyo wino ukitambaa, rangi ikichuruzika au taa ikiwaka kupita kiasi, "a" na "e" na "o" zinageuka kuwa vidonge vitatu vinavyofanana. Sehemu kubwa ya maelekezo yaliyo hapa chini ni kulinda matundu hayo, kuanzia kwenye kompyuta hadi kwenye bati.

Ilivyoumbwa

Aliyeichora ni Oswald Bruce Cooper, mchora herufi za matangazo wa Chicago, Marekani. Ilitolewa mwaka 1922 na kiwanda cha kusubu herufi cha Barnhart Brothers & Spindler, na ilikuwa toleo nene la familia ya Cooper Old Style aliyokuwa ameianza miaka michache kabla. Kazi ya Cooper ya kila siku ilikuwa kuandika maneno ya kuuza bidhaa kwa mkono, na hilo linaonekana: fonti hii haikuzaliwa kwa ajili ya kurasa za kitabu, ilizaliwa ipige kelele kwenye tangazo. Ilivuma kiasi kwamba kufikia 1925 kampuni ya Monotype ilikuwa imetoa mshindani wake, Goudy Heavyface, kwa jina la Frederic Goudy ambaye ndiye aliyewahi kumfundisha Cooper uandishi wa herufi. Leo anayesafiri Ulaya huiona ubavuni mwa ndege za easyJet, nyeupe juu ya rangi ya chungwa.

Angalia mambo manne kabla hujaanza kuitumia. La kwanza ni nyayo, yaani vikanyagio vidogo vilivyo mwishoni mwa miguu ya herufi. Herufi za vitabu zina nyayo bapa zinazokaa sawasawa juu ya mstari. Za Cooper Black zimevimba kwa chini, kama nyayo za mtoto mnene. Herufi ikishuka au ikipanda kidogo, jicho halioni kosa, kwa kuwa hakuna ukingo mnyoofu wa kulinganishia. Hapo ndipo msamaha wake unapotoka.

La pili ni mwinamo. Tundu la "O" halijasimama wima, limelala kidogo kuelekea kushoto, kama kalamu pana ilivyokuwa ikishikwa. Mwinamo huo ndio unaoifanya ionekane inatembea. Ukinyoosha herufi kwa kuivuta upande mmoja kwenye kompyuta, mwinamo unaharibika na herufi inaonekana imekanyagwa.

La tatu, herufi ndogo ni kubwa kwa kimo na mikia ya "g", "p", "y" ni mifupi. Mistari miwili inaweza kusogeleana sana bila kugongana. La nne ni hayo matundu, na "a" ndiyo ya kwanza kuumia: ina tumbo dogo chini na mwanya mwembamba juu, vyote viwili vikiwa tayari kufungwa.

Inapofaa

Chakula, juisi, aiskrimu, saluni, vitu vya watoto, fulana za sherehe, daladala, kibanda cha chipsi. Mahali popote ambapo mteja anatakiwa ahisi amekaribishwa na kushiba. Fonti hii ina ukarimu wa mama lishe.

Haifai tanzia, notisi ya mahakama, cheti, lebo ya dawa wala onyo la hatari. "Hatari: Umeme" kwa Cooper Black inasomeka kama jina la bendi. Pia usiiweke kwenye maelezo marefu. Kiasi chake ni maneno matano hadi sita. Yakizidi hapo ukurasa unakuwa kama sinia lililojaa mihogo mitupu. Maneno mengine yote, yaani anwani, bei na saa za kazi, yaandikwe kwa fonti nyepesi isiyo na nyayo, na ukubwa wake usizidi theluthi moja ya kichwa. Usiiweke jirani na fonti nyingine ya mviringo. Wanene wawili hawakai benchi moja.

Namba za simu ni suala la peke yake. Tarakimu 3, 6, 8, 9 na 0 zina matundu madogo na mtu akiwa mbali atasoma 8 kila mahali. Mteja anayekosea tarakimu moja ni mteja aliyepotea, kwa hiyo namba ya simu iandikwe kwa fonti nyembamba zaidi hata kama mwenye duka anataka "vyote vifanane".

Kuipata, na kutochanganya majina

Ukiwa na Microsoft Office kwenye Windows huenda tayari unayo. Faili lake linaitwa COOPBL.TTF. Wauzaji wa fonti nao wanauza matoleo mbalimbali, yenye herufi za kulala na yenye mng'ao ndani. Ukitafuta "Cooper" kwenye programu za kubuni mtandaoni utakutana na Cooper Hewitt. Hiyo ni fonti tofauti kabisa, isiyo na nyayo, iliyochorwa na Chester Jenkins kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York lenye jina hilo. Usipoteze muda kujiuliza kwa nini haifanani na hii.

Kuna makosa mawili ya vitufe yanayoharibu kazi nyingi kuliko uzembe wa mchapishaji. Usibonyeze kitufe cha kukoza. Cooper Black ina unene mmoja tu, na ukiibonyeza B kompyuta inaupaka unene wa bandia pande zote, ukiwemo upande wa ndani ya tundu. Usibonyeze kitufe cha kulaza pia. Herufi za kulala za Cooper zilichorwa upya kama fonti ya peke yake. Ukilaza hizi za kawaida kwa nguvu utapata herufi zinazoonekana zinaanguka.

Soma leseni. Kutumia fonti iliyokuja na programu yako kutengenezea tangazo ni jambo moja, na kumtumia fundi faili la fonti kwa WhatsApp ni jambo lingine.

Kiswahili ndani ya Cooper Black

Fonti hii ilichorwa ikiwa na Kiingereza akilini, na maneno yetu yana tabia nyingine. Karibu kila neno la Kiswahili linaishia kwa irabu, na "a" inajirudia kuliko herufi nyingine yoyote. Chukua "Wakala", "Vyakula", "Saa", "Nyama", "Dawa baridi". Ile herufi dhaifu kuliko zote ndiyo inayobeba lugha nzima. Kwa hiyo unapojaribu ukubwa, usijaribu kwa "Hello" wala kwa jina la fonti. Jaribu kwa "maandazi". Tumbo la "a" zote tatu likionekana wazi ukiwa umesimama kwa umbali wa msomaji, neno lolote lingine litapita.

Herufi kubwa tupu zinavutia kwa sababu tumezizoea. Majina ya kanga, kwa mfano, huandikwa hivyo. Lakini kanga hutumia herufi nyembamba na nafasi ya kutosha. "MGENI NJOO MWENYEJI APONE" kwa Cooper Black inakuwa ukuta wa matofali. Herufi kubwa zitumike kwa neno moja fupi, kama "BUCHA" au "JUISI". Zaidi ya hapo, anza kwa herufi kubwa moja na nyingine ziwe ndogo, ili vichwa vya "k", "l", "h" na mikia ya "y", "g" vimpe msomaji umbo la kushika.

Nafasi kati ya herufi ndiyo inayotenganisha kazi safi na kazi ya haraka. Anza kwa kubana neno zima kidogo, kati ya -10 na -20 kwenye programu zinazopima kwa sehemu moja ya elfu ya ukubwa wa fonti. Kisha shughulikia jozi moja moja. Zinazoachana sana ni "Wa", "Ya", "Vy", "Ta" na "Ka", ambako irabu inaachwa nyuma ya herufi kubwa kama mtoto aliyeshuka kwenye basi kituo kisicho chake. Zisogeze hadi nafasi hiyo ionekane sawa na nafasi iliyo kati ya "n" na "a" za neno hilohilo. Kwenye Illustrator, programu ya kuchorea, weka kishale kati ya herufi mbili kisha bonyeza Alt na mshale wa kushoto. Inkscape nayo hutumia Alt na mishale. Kwenye CorelDRAW bonyeza F10 uvute kijisanduku kilicho chini ya herufi. Kwenye Word fungua dirisha la fonti kwa Ctrl+D, nenda ukurasa wa pili, utie tiki kisanduku cha kurekebisha jozi. Zaidi ya hapo Word inakuruhusu kubana au kuachanisha herufi ulizozichagua tu, na kwa bango haifai.

Upande wa pili kuna jozi zinazogusana. "nn", "mm", "mn" na "nu" zina nyayo nene zinazokutana chini. Mguso mmoja kwenye neno zima unaonekana kama doa. Ama tenganisha, ama gusanisha zote kwa makusudi. Usiache nusu kwa nusu.

Halafu kuna "ng'". Bucha nyingi zinaandika "Nyama ya ng'ombe" kwa alama iliyosimama wima kama msumari, kwa sababu ndiyo inayotoka kwenye kibodi. Cooper Black ina alama yake, nene na yenye mkia, inayofanana na mkato uliopandishwa juu. Itafute: kwenye Windows shikilia Alt uandike 0146 kwenye vitufe vya namba vya kulia, kwenye Mac ni Option, Shift na mabano ya mraba ya kufunga. Kagua pia kwamba programu haijakugeuzia alama ikawa ya kufungua nukuu, ambayo mkia wake unaelekea upande mwingine. Ukishaipata utaona "g" na "o" zimeachana kwa pengo kubwa chini ya alama, na neno linasomeka kama mawili. Sogeza "o" kuelekea "g" hadi alama iwe inaelea juu ya bega la "g". Pengo litabaki kidogo, na hiyo ni sawa, maana msomaji anaijua ng' na anaitarajia.

Urefu wa maneno nao unadai uamuzi mapema. "Tunatengeneza" kwa Cooper Black linakula bango zima. Badala ya kulibana kwa mabavu, rudi kwa mwenye bango mwombe nomino: "Mafundi simu" badala ya "Tunatengeneza simu za aina zote". Maneno machache makubwa yanauza kuliko sentensi iliyokondeshwa.

Kupima bango kabla ya kununua bati

Chapa neno kwenye karatasi kwa ukubwa wa pointi 100, kisha pima kwa rula upana wa neno na kimo cha herufi ndogo. Tuseme "Vyakula" limetoka na upana wa milimita 140 na kimo cha "a" ni milimita 17. Bati lina upana wa sentimita 244; ukiacha pambizo la sentimita 22 kila upande unabaki na 200, yaani milimita 2000. Gawanya 2000 kwa 140, unapata 14.3. Zidisha 17 kwa 14.3: herufi ndogo zitakuwa na kimo cha milimita 243 hivi.

Sasa umbali. Kanuni ya watengeneza mabango ni milimita 25 za kimo kwa kila mita 3 za usomaji wa raha. Milimita 243 zinakupa mita 29. Kwa Cooper Black punguza robo kwa sababu ya matundu, ubaki na mita 22 hivi. Barabara ikiwa mbali zaidi ya hapo, punguza maneno, usibane herufi. Anayepita kwa gari hana muda wa kurudi nyuma.

Mistari miwili isogeleane. Nafasi ya kawaida ya kompyuta ni asilimia 120 ya ukubwa wa fonti; hapa shuka hadi 95 au 100. Angalia tu mkia wa "y" au "g" usitue juu ya kichwa cha "k" au "l" ya mstari wa pili. Ikitokea, badilisha mpangilio wa maneno au sogeza mstari mmoja pembeni kidogo.

Bango likiwa la boksi lenye taa ndani, na herufi nyeupe zikikaa juu ya rangi nzito, mwanga unatawanyika na kunenepesha herufi usiku. Matundu yanakufa saa moja jioni. Kabla ya kukata, punguza mzunguko wa herufi kwa ndani, milimita 1 hadi 2 kwa herufi yenye kimo cha sentimita 20. Mchana hutaona tofauti.

Pindo na kivuli

Wateja wengi wanataka pindo jeupe au jeusi kuzunguka herufi, na Cooper Black inapendeza kwa pindo kuliko fonti nyingi kwa kuwa haina kona. Kosa linalorudiwa ni kuweka pindo katikati ya ukingo, ambapo nusu ya unene inaingia ndani ya herufi na ndani ya tundu. Pindo liwekwe nyuma ya herufi. Kwenye Illustrator geuza maandishi kuwa michoro kisha chagua pindo likae nje. Kwenye CorelDRAW chagua pindo lipite nyuma ya rangi ya ndani. Kwenye Inkscape badilisha mpangilio ili mstari uwe chini ya rangi. Kisha angalia tena ndani ya "a": pindo linaingia humo pia kutoka upande wa pili, na likizidi linajaza. Dawa ni kutenganisha nakala ya nyuma na kuyafuta matundu yake kabisa, ili iwe kivuli kizima kisicho na mashimo, na rangi yake ndiyo ionekane kwenye tundu la herufi ya mbele. Hilo linafanya kazi tu kama rangi hizo mbili zinatofautiana vizuri, kwa mfano njano juu ya kahawia.

Viungo vya pindo viwe vya mviringo. Vikiwa vya kona kali, kompyuta inaotesha miiba pale "k" na "w" zinapokunjika, na Cooper Black yenye miiba ni jambo la ajabu kulitazama.

Stika za kukata kwa mashine

Hapa ndipo fonti hii inapolipa. Stika huanza kubanduka kwenye ncha. Ukiosha daladala kwa maji ya presha, herufi zenye kona kali huinuka kwanza pale kwenye kona. Cooper Black haina kona, kwa hiyo inadumu kwenye kioo na ubavuni.

Geuza maandishi kuwa michoro: Ctrl+Shift+O kwenye Illustrator, Ctrl+Q kwenye CorelDRAW, Shift+Ctrl+C kwenye Inkscape. Kama kuna herufi ulizozigusanisha, ziunganishe ziwe umbo moja kabla ya kupeleka kwenye plota, ile mashine ya kukatia. Usipoziunganisha, kisu kitapita juu ya mstari wa kila herufi na kukata katikati ya mguso, nawe utabaki na kipande kinachoning'inia. Usikate kutoka kwenye picha uliyoipiga na kuifuatisha kwa kompyuta. Mikunjo itakuwa na vijinundu na kisu kitatetemeka humo.

Kisu cha nyuzi 45 kinatosha kwa stika ya kawaida. Punguza kasi kwa herufi zenye kimo chini ya milimita 30, maana tundu la "e" ni mkunjo mdogo na kisu kikikimbia hakirudi pale kilipoanzia. Duara linabaki wazi na ukivuta mabaki unang'oa na kipande cha herufi. Kata neno la majaribio, lenye "a" na "e", kila unapobadilisha roli.

Wakati wa kuchambua, yaani kutoa stika isiyotakiwa, anza na matundu. Yatoe moja moja kwa sindano au kibanio kidogo kabla ya kuvuta stika ya nje. Ukianza na ya nje, gundi itakuwa imeshagusana tena kingoni na tundu litatoka na kipande cha herufi. Chini ya kimo cha milimita 15 kazi hii haina faida: saa moja ya kuchambua kwa stika ya bei ndogo. Afadhali ichapwe kwa rangi kisha ikatwe umbo la nje tu.

Fulana na kofia

Kwenye uchapaji wa skrini, yaani wino kusukumwa kupitia kitambaa kilichowambwa kwenye fremu, wino hutambaa. Fremu ya nyuzi 43 hadi 55 kwa sentimita inafaa fulana nyingi, lakini ukipiga wino mweupe juu ya kitambaa cheusi utapiga mara mbili, na kila pigo linasogeza ukingo. Punguza herufi kwa milimita 0.15 hadi 0.3 kabla ya kutoa filamu ya kutengenezea fremu. Sehemu nyembamba ya tundu isiwe chini ya milimita 1 kwenye filamu. Ukiona matundu yameziba kwenye fulana ya tatu au ya nne wakati ya kwanza ilikuwa safi, tatizo ni skwiji, ule mpira wa kusukumia wino, inayosukumwa kwa nguvu mno au fremu iliyogusa kitambaa. Iinue iwe na nafasi ya milimita 2 hadi 3 juu ya fulana.

Kwa stika ya pasi, geuza neno kama kwenye kioo kabla ya kukata. Inasikika kama jambo la wazi, lakini Cooper Black inadanganya: "o", "v", "w", "A", "M" zinafanana sana zikigeuzwa, na neno kama "Mama" linapita machoni hadi umeshalipiga pasi. Joto na muda fuata karatasi ya roli. Nyingi huwa kati ya nyuzi 150 na 160 za Selsiasi kwa sekunde 10 hadi 15.

Kudarizi ni kwa herufi zenye kimo kikubwa tu. Mshono wa satini ukizidi upana wa milimita 7 hivi unalegea na kunasa kucha, na miguu ya Cooper Black inafika hapo haraka. Mwambie fundi ajaze kwa mshono wa mkeka. Ukishuka chini ya milimita 10 za kimo, "a" inakuwa fundo la uzi.

Ukutani kwa brashi

Chapa neno kwa ukubwa halisi kwenye karatasi zilizounganishwa. Toboa ukingo wa herufi kwa sindano kila baada ya milimita 4 au 5, bandika karatasi ukutani, kisha pigapiga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa chaki, au wa mkaa kama ukuta ni mweupe. Ukibandua utaona nukta.

Chora matundu kwanza. Wachoraji wengi huanza na umbo la nje kisha wanajaza kuelekea ndani, na mkono ukichoka tundu ndilo linalolipa. Anza na tundu la "a", lipe ukingo safi kwa brashi ndogo ya duara, kisha toka nje. Rangi ya mafuta ikiwa nzito itaacha matuta. Ikiwa nyepesi itachuruzika kutoka juu ya tundu hadi chini na kulifunga usiku ukiwa umelala. Ijaribu kwenye kipande cha bati lililosimamishwa wima, uisubiri dakika tano.

Ukitumia karatasi ya kukata na rangi ya kupuliza, tatizo linageuka: tundu la ndani linadondoka kwa sababu halijashikwa na chochote. Acha vidaraja viwili, kimoja juu na kimoja chini ya kila tundu, vyenye upana wa milimita 8 hadi 10 kwa herufi ya kimo cha sentimita 20. Vifuate mwinamo wa tundu, visikatize wima kabisa. Hapo vitaonekana kama sehemu ya herufi, na ukitaka kuvijaza baadaye kwa brashi utavijaza kwa mkupuo mmoja.

Kwenye tovuti

Ikiwa huna leseni ya tovuti, tumia Fraunces, fonti huria ya Phaedra Charles na Flavia Zimbardi iliyopata msukumo kutoka Windsor, Souvenir na Cooper. Si nakala, ila ukiibana vizuri inakaribia. Unene uwe 900 na SOFT, yaani kipimo cha ulaini wa kona, iwe 100. Mhimili (kipimo kinachobadilishika) wa opsz, yaani wa ukubwa wa maandishi, unaanzia 9 hadi 144, na kivinjari huupandisha chenyewe kadiri maandishi yanavyokuwa makubwa. Ukiuacha hivyo, mistari myembamba inakonda na ule unono unapotea. Uwekee namba wewe mwenyewe, karibu 20, na WONK, mhimili wa herufi zilizopinda kimzaha, uwe 0:

font-variation-settings: "opsz" 20, "SOFT" 100, "WONK" 0;

Ukiichukua kutoka Google Fonts hakikisha kiungo chako kimeomba mihimili hiyo. Kama hakijaomba, mstari huo hautafanya lolote na hakuna ujumbe wa kosa utakaokuambia.

Kumpelekea fundi

Peleka faili mbili. Moja ina maandishi yaliyogeuzwa kuwa michoro, ili kompyuta ya fundi isiyo na Cooper Black isikubadilishie kuwa Arial. Nyingine ni picha ya jinsi inavyotakiwa kuonekana. Ile yenye maandishi yanayoharirika baki nayo wewe, maana mwenye duka atabadilisha namba ya simu kesho yake. Kwenye ujumbe taja kwa namba kimo cha herufi ndogo, si "kubwa kiasi". Kisha omba chapa ya neno moja tu kwa ukubwa kamili, ibandike ukutani, rudi nyuma umbali wa msomaji wako na ukodoe kwenye "a" ya mwisho.